Kabla hujauliza bei, uliza mmea umetoka wapi

 

Juzi nilitumiwa picha kwenye simu na mkulima wa Isimani. Mahindi yamefika kifuani, yametoa mbelewele, lakini majani yamejikunja kama sigara na ya chini yameshakauka. Chini ya picha ameandika: "Afisa, niweke mbolea gani yapone?"

Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu. Jibu la kweli ni kwamba hakuna mbolea. Mmea ambao hauna maji hauwezi hata kuinywa hiyo mbolea, ukiimwaga unaichoma pesa yako juani. Lakini kumwambia mtu hivyo wakati shamba lake lote liko pale si rahisi. Na kilichonizuia zaidi ni kwamba picha hiyo naijua. Miaka ya nyuma niliwahi kulisababisha shamba kama hilo mimi mwenyewe.

Leo nataka nilieleze hilo, halafu niseme kitu ambacho najua baadhi yenu hamtakipenda.

Mbegu ya Mbeya bila mvua ya Mbeya

Mimi ni mtoto wa Mbeya, nimekulia vijiji vya jirani na Uyole. Kule mahindi ni kama majani, unapanda na yanaota. Baridi ipo, mvua ipo, udongo wa volkano upo. Mbegu tulizozijua ni zile ndefu za nyanda za juu: H614 ya kutoka Kitale, Kenya, na baadaye UH 6303 iliyozalishwa hapo hapo Uyole. Zinakaa shambani karibu miezi sita, lakini ukivuna unacheka.

Nilipoajiriwa nikapangiwa tarafa ya ukame mkoani Iringa. Nilifika na begi, buti na maarifa ya Mbeya. Nikakuta watu wanachanganya mtama, uwele, kunde na mahindi ya mbegu zao za kienyeji. Nikaona huu ni ushamba. Nikaitisha mikutano, nikafundisha nafasi ya kupandia, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, na mbegu ndefu ya kisasa.

Mzee mmoja alinisikiliza kuliko wote. Aliuza mbuzi wawili akanunua mbegu na mbolea kwa ajili ya ekari tatu. Alipanda kwa kamba, mistari imenyooka, hata picha nilipiga. Mvua ilianza katikati ya Desemba, ikaenda vizuri, halafu Februari ikakatika zaidi ya wiki tatu. Mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Mvua iliporudi, shamba lilikuwa la kijani tena, ukipita barabarani unasema huyu atavuna. Tulipovunja magunzi tukakuta punje tano hapa, kumi pale. Ekari tatu zilitoa debe tatu.

Nyuma ya nyumba mama mwenye nyumba alikuwa amepanda mtama kama robo ekari, kimya kimya, bila kuniambia. Huo ulitoa gunia moja na debe juu.

Mwaka ule wanawe wawili walikwenda kufanya vibarua kwenye mpunga wa Pawaga ili nyumba ile ile. Mzee hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniambia tu: "Mwanangu, ulituletea mbegu ya Mbeya, ukasahau kutuletea na mvua yake."

Hayo maneno nimeyabeba mpaka leo.

Kwa nini mtama ulipona na mahindi yakafa?

Wengi tunajibu, "Mtama unavumilia ukame." Sawa, lakini unavumiliaje? Ukijua jibu hilo hutahitaji afisa wa kukuchagulia mbegu.

Tuanze na mahindi. Mahindi asili yake ni Mexico, huku Afrika yalikuja na Wareno miaka ya 1500. Mume yuko juu kwenye mbelewele, mke yuko katikati ya bua kwenye gunzi. Zile ndevu ndizo njia ya kufikia punje: kila unywele mmoja unatengeneza punje moja, na lazima upate chavua, ule unga wa njano unaodondoka kutoka juu. Shughuli yote hiyo inafanyika ndani ya siku chache tu.

Ukame ukipiga siku hizo, mbelewele inatoka kwa wakati wake lakini ndevu zinachelewa. Zikija kutoka, chavua imekwisha. Mvua ikirudi wiki moja baadaye shina litanenepa na majani yatakuwa ya kijani, lakini harusi imeshapita na bibi harusi hakufika. Ndiyo maana shamba la yule mzee lilidanganya macho.

Sasa mtama. Huu ni mwenyeji, asili yake ni Afrika, upande wa Sudan, kwenye joto na mvua za kubahatisha. Umejifunza kuishi huko kwa maelfu ya miaka, na ukiusogelea unaona alichojifunza:

Kwanza, pitisha kidole kwenye bua lake. Utabaki na unga mweupe. Hiyo ni nta, ni koti la kuzuia maji yasitoke. Mahindi hayana koti zito namna hiyo.

Pili, ng'oa mche mmoja wa mtama na mmoja wa mahindi, uoshe mizizi. Mtama una nyuzinyuzi nyingi zaidi, unachukua maji kwenye udongo ambao mahindi yameshakata tamaa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mtama unajua kulala. Maji yakikatika unakunja majani, unasimamisha kukua na kusubiri. Mvua ikirudi unaamka na kuendelea, na mara nyingine unatoa machipukizi mapya pembeni. Mahindi hayajui kusubiri kiasi hicho.

Nne, kwenye suke la mtama mume na mke wanakaa nyumba moja, ndani ya ua moja. Hakuna kusubiriana kutoka mbali.

Ndugu zake wa ukame nao kila mmoja ana mbinu yake. Muhogo unapukutisha majani na kubaki kijiti, watu wanadhani umekufa, kumbe unabana matumizi. Mbaazi inashusha mzizi chini kabisa. Kunde zinakimbia, zinakomaa kabla jua halijazifumania. Hakuna mmea "mgumu" kwa bahati. Kila mmoja una namna unayoishi, na namna hiyo imetokana na mahali ulikotoka.

Mimea ya porini ni afisa ugani wa bure

Ukitaka kujua ardhi yako inaweza nini, angalia kwanza kilichoota bila kupandwa na mtu.

Mkipanda basi la kwenda Dar, mkishuka Kitonga, chunguleni dirishani. Juu Iringa kuna baridi. Mkifika chini Ruaha Mbuyuni, jina lenyewe linajieleza. Mbuyu una shina laini linalohifadhi maji, na kwa miezi mingi ya mwaka unakaa bila majani kabisa ili usiyapoteze. Kwangua gome lake kidogo utaona rangi ya kijani chini yake, hata bila majani bado unajitengenezea chakula. Mahali penye mibuyu mingi panakwambia wazi: hapa maji huja kwa msimu, halafu hupotea. Mnyaa nao hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku kukiwa na ubaridi na kuvifunga mchana. Migunga ina vijani vidogo vidogo, jua halipati pa kushika.

Nenda kwenye miombo. Mwezi wa tisa na wa kumi, hakujanyesha hata tone, utaona miti imevaa majani mekundu mapya. Inatumia maji ya akiba na ya mizizi mirefu, inajiandaa ili mvua ikifika ikute majani tayari. Tena mizizi yake imeshirikiana na uyoga wa udongoni kutafuta chakula, kwa sababu udongo wa miombo mara nyingi una tindikali na rutuba kidogo. Ukifyeka miombo ukachoma, majivu yatakupa mavuno mazuri miaka michache tu. Baada ya hapo unabaki na udongo mtupu na ule ushirika wa chini ya ardhi umeshauvunja.

Halafu panda mpaka Rungwe. Kule mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, wakati tambarare za Isimani zinapata kama 500 hadi 600 mwaka ukiwa mzuri. Msituni Rungwe majani ni mapana, mengi yana ncha ndefu kama mdomo wa birika ya kumwagia maji. Mmea wa kule tatizo lake si kupata maji, tatizo lake ni kuyamwaga. Migomba inasimama na majani makubwa kama mashuka, upepo unayachana na wala haijali.

Sasa niambie, mmea wa Rungwe na mmea wa Isimani wanaweza kula ushauri mmoja? Ni zaidi ya mara tatu ya mvua!

Na huko juu nako tusidanganyane

Sisemi kila mtu apande mtama. Ukiupeleka mtama Uporoto au Makete kwenye baridi, utakuwa na majani mazuri na suke lisilobeba, kwa sababu baridi ya usiku inaharibu chavua yake. Huko ni kwa viazi mviringo. Kiazi asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na kinahitaji usiku wa baridi ndipo mmea ushushe chakula chini. Kipeleke Pawaga utavuna matembele ya viazi, na hayo hayaliki.

Kuna na hili la parachichi, nimeulizwa mara nyingi mno. Hass zote duniani zimetokana na mti mmoja wa Rudolph Hass kule California, aliousajili mwaka 1935, lakini mababu zake ni wa milima na misitu ya Mexico na Guatemala. Mizizi yake iko juujuu, haipendi kukauka na haipendi kusimama kwenye maji. Udongo wa Rungwe ni wa kina, unapitisha maji, mvua inaingia karibu mwaka mzima. Mti unajiona uko nyumbani. Lakini nimeona miche hiyo hiyo ikiuzwa kwa wakulima wa sehemu kavu bila hata kuulizwa kama wana maji ya kumwagilia, na mwingine akaipanda kwenye mbuga ya udongo mfinyanzi. Wa kwanza ilikauka, wa pili ilioza mizizi. Aliyeuza miche alishaondoka na hela yake.

Najua mtakachosema

"Afisa, mtama hauna bei." Ni kweli bei ya mahindi mara nyingi ni rahisi kuipata. Lakini bei ya gunia ambalo hukuvuna ni sifuri. Soko nalo limebadilika: Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mtama pia, na viwanda vya bia vinatumia mtama mweupe. Ulizia kabla ya kupanda, na uzeni kwa kikundi.

"Ndege watamaliza." Hapo mna haki, kwelea kwelea si mchezo. Lakini fahamuni chanzo chake. Mtama mwekundu una ukakasi, huo ukakasi ndio silaha yake dhidi ya ndege. Sisi binadamu tukataka mtama mweupe mtamu, kama Macia, na kilicho kitamu kwetu ni kitamu kwa ndege. Kwa hiyo mweupe upandeni majirani wengi kwa wakati mmoja ili ndege wasikushambulie peke yako, uvune mapema ukishakauka, na shamba lililo mbali na nyumba weka mwekundu. Silaha nyingine ya mtama iangalie kwa makini: ukiwa mchanga, au ukichipua baada ya ukame, una sumu kwa ng'ombe. Usifungulie mifugo humo.

"Watoto hawali ugali mweusi." Mweupe ukikobolewa ugali wake si mweusi. Anza kwa kuchanganya nusu kwa nusu na mahindi. Kusema kweli shida hapa ni aibu kuliko ladha. Tumeaminishana kuwa mtama ni chakula cha maskini, na sisi maafisa tumesaidia kuieneza hiyo imani.

"Mbona Isimani ilikuwa ghala la mahindi?" Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na wazee wanaolileta hawasemi uongo. Miaka ya 1950 na 1960 mahindi ya Isimani yalijulikana nchi nzima. Lakini ardhi ile ilikuwa mpya, imetoka kufyekwa pori. Ilikuwa na mboji iliyojikusanya miaka na miaka, na mboji ndiyo inayoshika maji. Mvua ikikatika wiki mbili, udongo unalisha mmea. Tukalima mahindi juu ya mahindi kila mwaka, mabua tukachoma au tukalisha ng'ombe, miti ikaisha. Mvua ile ile ya zamani ikinyesha leo inateleza kwenda korongoni. Mahindi ya wakati ule yalikuwa yanaishi kwa akiba, na ile akiba tumeshaila.

"Siku hizi kuna mahindi ya kustahimili ukame." Yapo, na ni kazi nzuri ya watafiti wetu. Mbegu ya muda mfupi kama Situka inakomaa mapema na inaweza kuwahi kabla mvua haijaondoka. Pandeni, lakini msiisome vibaya lebo. Kustahimili ukame si kuishi bila maji. Bado ni mahindi, bado ndevu zinasubiri chavua.

Ninachotaka tufanye

Msimamo wangu ni huu: kwenye tarafa zetu kavu mahindi yasiwe tena zao la kwanza, yawe zao la pembeni. Aliye na ekari tatu aweke mbili za mtama au uwele, na moja ya mahindi ya muda mfupi pamoja na kunde. Mwenye kinyungu bondeni aendelee na mahindi yake huko, pale maji yapo, pale ni mahali pake. Mbegu ya mtama inunuliwe yenye lebo ya TOSCI, au mbegu za daraja la kuazimiwa kutoka kwa vikundi vinavyotambulika. Penye kiduha tafuteni Hakika au Wahi, hizo zilizalishwa kwa ajili ya kukabiliana nacho.

Na kabla ya kununua mbegu au mche wowote, hata nikikushauri mimi, jiulize maswali matatu:

1. Mmea huu asili yake ni wapi, kwenye joto au baridi, kwenye mvua nyingi au kidogo?
2. Unahitaji maji siku ngapi, na mvua yangu hunyesha siku ngapi?
3. Maji yakikatika katikati unafanya nini: unasubiri, unakimbia, au unakufa?

Swali la pili hulijibu kwa kukumbuka. Chukua daftari la mtoto la shule, andika siku ya mvua ya kwanza, ya mwisho, na kila pengo linalozidi siku kumi. Misimu mitatu tu, utakuwa unaijua mvua ya shamba lako kuliko redio.

Na sisi maafisa tuache kubeba kipeperushi kimoja kutoka Tukuyu mpaka Isimani. Mkulima akikosea anapoteza msimu. Sisi tukikosea mshahara unaingia vile vile. Kwa sababu hiyo tu tunapaswa kuwa waangalifu mara mbili.

Yule wa picha nilimpigia mwishowe. Nilimwambia asiweke mbolea, mahindi ayakate mapema yawe malisho, na unyevu ukirudi apande kunde, walau apate mboga na kidogo cha kuuza. Alinyamaza, halafu akauliza, "Na mwakani?" Nikamwambia mwakani nitakuja kabla hujanunua mbegu, tukae chini ya mti tuzungumze.

Mzee wangu wa zamani bado yupo. Mtama sasa unaanzia barabarani na mahindi yamehamia nyuma ya nyumba. Nikipita hunitania: "Vipi Bwana Shamba, leo umetuletea nini cha Mbeya?" Namjibu, "Leo nimekuja kuangalia tu, baba." Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sawa, lakini asiyechagua mbegu atabaki na jembe tu mkononi.

Tukutane shambani.